Msibani kwa Canter: nyuma tukae vipi?

SWALI: Kijijini kwetu tukienda kuzika mbali tunakodi Canter ya tani 3. Wazee wanakaa mbele, sisi wengine, kama 30, tunapanda nyuma na magunia ya mchele na masufuria. Dereva ni mzoefu, hazidishi 40. Bado kuna hatari? Na mvua ikinyesha, turubai linafaa?
Msomaji, Kondoa

JIBU: Ipo, na hiyo 40 isikudanganye. Anayerushwa kwa mwendo huo anapiga chini kwa kasi ya mtu aliyeanguka kutoka mita 6 kwenda juu.

Angalia mbao za pembeni. Zikiishia chini ya kiuno cha aliyesimama, hazimzuii: dereva akikwepa shimo, ubao unamkamata mapajani na kiwiliwili kinampindua nje. Aliyekaa juu ya magunia hana hata huo ubao.

Halafu uzito. Watu 30 wa kilo 65 ni karibu tani 2, na wakisimama uzito huo unapanda juu. Gunia lililofungwa vizuri halisogei, ila watu kwenye kona wote wanaangukia upande wa nje, kule kule gari linakolalia. Ndiyo maana lori lililopita kona salama na mahindi linaweza kupinduka pale pale likiwa na watu.

Turubai lililozibwa pande zote na kuachwa wazi nyuma ni baya kuliko mvua. Gari likitembea, hewa ya nyuma inavutwa ndani ya bodi pamoja na moshi wa ekzosi. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, kisha usingizi. Mtoto aliyelegea mtadhani amelala tu. Mteremsheni penye hewa, kisha hospitali, hata akizinduka.

Canter ibebe mchele, watu wakodi Coaster, hata kwa awamu mbili. Njia isipopitika kwa basi, punguzeni watu hadi wote wakae sakafuni, walio mbele wakiegemeza migongo kwenye ukuta wa kebini: breki ikishikwa ghafla, ukuta unawapokea. Mizigo iende safari yake. Pini za geti la nyuma zikaguliwe, kisha geti lifungwe kwa kamba pia. Mwendo usizidi 30, na mkubaliane na utingo ishara ya kusimamisha gari.

Mwombeni pia mwenye gari karatasi ya bima mapema. Bima ya gari la mizigo mara nyingi haimhesabu abiria wa nyuma.