Bel Air ya 1954 imeshushwa, na pedali nayo imeshuka

SWALI: Fundi, habari za kazi. Niko Tucson, Arizona, na nina Chevrolet Bel Air ya 1954, milango minne, injini yake ile ile ya silinda sita. Nimeifufua kwa miaka mitatu: bodi imenyooshwa, rangi mpya, viti vimeshonwa upya. Mbele nilitoa breki za dramu nikafunga diski, na masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki) ya njia mbili nikaiweka pale pale chini ya sakafu ilipokuwa ya zamani. Zilikuwa zinashika vizuri. Baadaye nikaishusha mbele inchi 3, ikae chini kama magari ya vijana wa Los Angeles. Tangu hapo, kila asubuhi nikikanyaga mara ya kwanza pedali inakaribia sakafu. Nikikanyaga ya pili inapanda na gari linasimama. Gereji moja imenibadilishia masta mara mbili, hali ni ile ile. Halafu, je, nitie mafuta ya breki ya DOT 5 yasije yakaila rangi yangu?

JIBU: Salama, ndugu yangu, na hongera kwa kazi. Hiyo masta iache, ya tatu usinunue. Jibu umelitoa mwenyewe uliposema "tangu hapo".

Kwenye Chevrolet za hadi 1954 pedali zinatokea sakafuni na masta imefungwa chini, karibu na miguu ya dereva. Mwaka 1955 pedali zikaanza kuning'inia na masta ikahamia juu, kwenye ukuta wa injini. Ndiyo maana wenye Chevrolet za 1955 hadi 1957 hawaniletei swali hili. Sasa fikiria ulichofanya: magurudumu yamebaki palepale na kalipa zake (vibanio vinavyobana pedi kwenye diski), chesisi imeshuka, na masta imeshuka nayo. Kalipa ziko juu, masta iko chini. Usiku mafuta yanateremka polepole kurudi kwenye masta, pistoni zinarudi nyuma unywele mmoja, pedi zinaachana na diski. Asubuhi ule mkanyago wa kwanza haufungi breki, unaziba ule mwanya tu. Wa pili ndio unaofunga.

Utauliza, mbona wazee wetu walikuwa na masta chini na hawakulalamika? Masta zile za dramu zilikuwa na kivalvu ndani kilichobakiza presha kidogo kwenye mabomba hata mguu ukishaondoka. Ulipoweka mpya, kivalvu hicho kiliondoka na ile ya zamani.

Hakikisha kwanza kabla hujafungua pochi. Asubuhi, kabla hujagusa pedali, inua mbele kwa jeki, weka stendi, toa gurudumu, umulike pedi kwa tochi. Kanyaga mara mbili, mulika tena. Ukiona mwanya ulikuwepo na umeziba, na baada ya saa kadhaa umerudi, tumemaliza ubishi.

Mguu nao unapima. Pedali inayopanda kwa mkanyago wa pili na kukaa ngumu ni mwanya. Inayobonyea kama sponji hata ukikanyaga mara kumi ni upepo ndani ya mabomba. Inayozama taratibu huku umeikandamiza, na hakuna mahali panapovuja, hapo ndipo masta inaposhitakiwa. Gereji yako ilisikia "inashuka" ikarukia masta.

Dawa ni valvu ndogo ya kubakiza presha, ya psi 2 (psi ni kipimo cha presha), kwenye bomba linalokwenda diski, karibu na masta, kabla bomba halijagawanyika kushoto na kulia. Mshale wake uelekee magurudumuni. Dramu za nyuma zinataka ya psi 10, lakini baadhi ya masta huja nayo ndani: ingiza waya mwembamba laini kwenye tundu la kutokea mafuta; ukigota kwenye mpira papo hapo, valvu imo, usiongeze nyingine. Na usikosee ukaweka ya 10 kwenye diski. Pedi zitakuwa zinasugua muda wote, na ukifika sokoni rimu haishikiki kwa moto.

Ukiwa chini humo humo, kaza na shuu za nyuma, zile zinazosukumwa kubana dramu kwa ndani. Dramu za zama hizo hazijirekebishi zenyewe. Zungusha kigurudumu cha meno kupitia tundu la nyuma mpaka tairi likwaruze kidogo, kisha legeza meno machache. Wengi wanapata nusu ya pedali yao hapo, bure.

Kabla ya kutoa upepo, tazama nipeli za kalipa, zile za kutolea upepo, ziko upande gani. Zinatakiwa ziwe juu kabisa. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza nusu siku na chupa mbili za mafuta kwenye gari la mteja, natoa upepo hauishi, kumbe kalipa ya kulia iko kushoto na ya kushoto kulia. Zinaingia bila shida, bolti zinakubali, ila nipeli inatazama chini na upepo umekaa juu unakucheka.

Kuhusu DOT 5: ni kweli, ni ya silikoni, haili rangi. Lakini haichanganyiki na DOT 3 wala DOT 4, na inashika vipovu vidogo vya hewa, kwa hiyo pedali yake mara nyingi ni laini kidogo. Mfumo wako umeshapitiwa na DOT 3? Baki nayo. Kubadili ni kusafisha mabomba yote na kuweka mipira mipya, kazi ya siku kadhaa kwa faida ndogo. Na dukani wasikuuzie DOT 5.1 ukidhani ni ndugu yake. Hiyo si ya silikoni, inakula rangi kama DOT 3. Wewe funika bodi na uwe na ndoo ya maji karibu. DOT 3 inayeyuka kwenye maji, tone likianguka mwagia maji mengi papo hapo, usifute kwa kitambaa kikavu.