Mastodon iko kimya? Usihame seva kwanza

Mkuu, umesema umejiunga Mastodon, ule mtandao wa kijamii uliogawanyika kwenye seva nyingi (yaani kompyuta zinazotunza akaunti za watu, kila moja na mwenyewe), ukurasa wako mtupu na sasa unawaza kuhamia seva kubwa. Tulia kwanza, tatizo sio seva. Kule hakuna mtambo wa kukubahatishia unachopenda, unaona wale uliowafolo tu, sasa kama umefolo watu watatu utaona nini? Tafuta hashtegi za mambo yako, kilimo, mpira, Kiswahili, chochote, halafu ifolo hashtegi yenyewe, inawezekana kabisa, na wanaoandika vizuri humo wafolo bila aibu hata kama wako seva nyingine, maana seva zinaongea zenyewe kwa zenyewe, ni kama wewe uko Voda mwenzio yuko Airtel na simu inapita fresh.

Alafu piga stori na watu. Weka posti ya kujitambulisha, jibu za wenzako, ukikaa kimya hakuna atakayejua upo. Ukipost picha andika na maelezo yake, kuna wasioona wanaosomewa na simu, watu wa kule wanalijali sana hilo na mi naona wako sahihi kabisa.

Siku ukihama kweli, wafuasi wako watakufuata ila posti za zamani zinabaki kulekule, na orodha ya unaowafolo haihami yenyewe, idaunlodi kisha uiaplodi kwenye akaunti mpya.

Na tafadhali sana, kwenye meseji za faragha usiandike paswedi wala mambo ya hela, mwenye seva anaweza kuzisoma.