Kabla hujaacha kazi uanzishe jarida, hesabu mkaa wako

Juzi kijana mmoja wa Mwanza aliniandikia: "Dada shikamoo. Nimechoka na kazi ya benki. Nataka kuacha nianzishe jarida la utamaduni na mazingira, jarida huru kama lako. Nianzie wapi?" Neno lililonichoma ni hilo "huru". Nikaenda kumwagilia mchicha, nikarudi, nikausoma ujumbe upya.

Najua wengi mnaopita hapa mna ndoto hiyohiyo: meza karibu na dirisha, kompyuta, maua kwenye kopo, bosi hakuna. Basi sitawaeleza kwa nini mtu huitamani. Naanza na aibu yangu.

Kijarida changu kilizaliwa 2019. Mwanzoni mwa mwaka ule jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki chakavu na kuvalishwa vipande vya ndala za rangi zote, lilisafiri kutoka Lamu hadi Unguja. Mimi nililiona kwenye simu, nikiwa nimebanwa mlangoni mwa mwendokasi. Halafu tarehe 1 Juni mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku. Mnakumbuka wiki ile? Rambo, ambazo jana yake ulikuwa unapewa hata kwa nyanya mbili, zikawa zinafichwa chini ya meza kama gongo, na vikapu vya ukili vikarudi mabegani mwa mabinti waliokuwa wakiviita vya bibi. Nilipiga picha Kariakoo mpaka simu ikajaa. Toleo la kwanza lilikuwa na kurasa 24: karatasi sita za A4 zilizokunjwa katikati na kushonwa kwa uzi. Nakala 200, karatasi 1,200, rimu mbili na kitu. Ziliisha ndani ya siku tisa. Sitajifanya mnyenyekevu, lilikuwa toleo zuri. (Kurasa lazima zigawanyike kwa nne. Msiniulize nilijuaje.)

Miaka miwili iliyofuata nairuka. Ilikuwa kukunja karatasi na kudai madeni.

Kisha ikaja kampuni moja, jina silitaji. Walisema wameupenda ujumbe wangu wa kijani, watalipia nakala 1,000 za karatasi inayong'aa, pamoja na uzinduzi. Wakati huo nilikuwa nimejipandisha cheo mwenyewe: nyumba nzima Mikocheni, kodi ya miezi sita kwa mkupuo, dalali keshachukua ya mwezi mzima, na kiyoyozi kinachomeza Luku kama hakina akili nzuri. Nilikubali kabla hawajamaliza kueleza.

Siku ya uzinduzi nikakuta mabango manne makubwa ya flexi, yana picha ya mti na nembo yao. Maji ya chupa katoni kwa katoni, maana marufuku ya 2019 haikugusa chupa. Soda, sahani za kutupa, vikombe vya kutupa. Na lile kubwa: makala yangu kuhusu wanaolima mboga bonde la Msimbazi, na maji machafu wanayomwagilia, waliomba niisogeze toleo lijalo. "Haiendani na furaha ya siku," waliniambia. Nikaisogeza.

Mzee niliyemhoji kwa makala ile alikuja. Nilimwalika mwenyewe, nikasahau kumwambia kwamba makala imesogezwa. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi. Akapekua ukurasa kwa ukurasa, akarudia kutoka nyuma, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, mimi niko ukurasa wa ngapi?"

Mwaka uliofuata kampuni ikapata mwelekeo mpya, simu zangu zikawa hazipokelewi. Wasomaji wangu wa mwanzo nao walishanikimbia. Nikabaki na kodi na mabango manne. Flexi ni PVC, aina ya plastiki: haiozi, na ukiichoma moshi wake ni sumu. Fundi cherehani wa mtaani akaweka sindano ya jinzi, tukayakata mabango yote kuwa mifuko ya sokoni. Mmoja ninao mimi, una nusu ya nembo yao.

Sasa ushauri. Nilihamia Mabibo, chumba na sebule. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuishi kijani, kwa mtu wa kazi kama hizi, ni hesabu ya matumizi. Mchicha wa kwenye kiroba unauvuna baada ya wiki tatu au nne. Maharage yakilowekwa usiku, mkaa unapungua. Maganda ya jikoni yanaingia kwenye ndoo iliyotobolewa yawe mboji. Mwanzoni ndoo yangu ilinuka mpaka mama mwenye nyumba akanigongea: "Binti, umefuga nini humu?" Kosa langu lilikuwa kujaza vibichi vitupu. Changanya na majani makavu au katoni zilizochanwa, tena hivyo vikavu viwe vingi kuliko vibichi, na harufu inakata. Siku hizi mama huyohuyo ananiomba mboji ya maua yake, na kodi nalipa kwa miezi mitatu mitatu. Matumizi yangu yakiwa madogo, mtu mwenye bango akija naweza kumwambia hapana. Nimeshamwambia hapana mara mbili. Mara ya pili nilifurahia.

Kwa hiyo jamani, acheni kununua viti vya paleti vya laki tatu ili muonekane mnajali mazingira. Acheni kupanga ofisi kabla hamjapata wasomaji. Nendeni Nafasi Art Space, wako Mikocheni tangu 2008, mkaone wasanii wanavyofanya kazi ndani ya makontena. Punguzeni matumizi. Mkimaliza, punguzeni tena. Watu watasema ni ubahili. Mimi waliniita Mama Ndoo, na wengine wao leo wananiomba mkopo.

Kijana wangu wa Mwanza, benki usiache bado. Nitumie kwanza kodi unayolipa, mkaa au gesi, bando, na nguo ulizonunua mwaka huu. Baada ya hapo tutaongea kuhusu jarida.

Toleo langu lijalo lina kurasa 20, karatasi imepanda bei. Makala ya Msimbazi imo, na mzee yuko ukurasa wa 3. Nilimpigia kumwambia. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama safari hii pia kutakuwa na soda.