Pati ya kufunga mwaka ya klabu ya gemu: zawadi zipangeni kwa duara

Mkuu, umeuliza namna ya kuandaa pati ya kufunga mwaka kwa klabu yenu ya PlayStation (PS), vijana 20, na mpeane zawadi bila manung'uniko. Kwenye klabu yetu huku Tabata kazi hii huwa naangushiwa mimi, kwa hiyo nakuandikia ninachokijua.

Tarehe kwanza. Kama mko Dar msisubiri Krismasi. Ikifika tarehe 20 Wachaga wameshapanda mabasi ya Moshi na wengine nao wanafunga mizigo. Sisi huchukua Jumamosi ya pili ya Disemba, watu bado wapo na hela haijaisha. Halafu iiteni pati ya kufunga mwaka, si ya Krismasi, na nyama achinje Mwislamu ili kila mtu ale kwa amani.

Kwenye zawadi ndipo penye kazi. Ule mtindo wa kuokota vikaratasi siupendi kabisa. Mtu anaokota jina lake mwenyewe, mnarudia, mkimaliza nusu ya watu wameshajua nani kamwokota nani. Tumieni duara. Mtu mmoja anachanganya majina na kuyapanga kwa mzunguko: mfano Juma anampa Asha, Asha anampa Neema, hivyo hivyo mpaka wa mwisho ampe Juma. Kila mtu anatumiwa meseji yenye jina moja tu. Kwetu anayepanga ni dada mwenye duka jirani, hachezi gemu wala hana wa kumpendelea, na mimi napata kushtukizwa kama wenzangu.

Faida yake utaiona siku yenyewe. Asha akipiga simu saa nane mchana kwamba amekwama Kibaha, mnamruka: zawadi aliyoileta Juma inakwenda kwa Neema, basi. Hakuna aliyebaki mikono mitupu. Ndiyo maana nguo na viatu tumevipiga marufuku, maana zawadi inaweza kubadilishiwa mtu dakika za mwisho.

Bei iwe na kikomo cha juu na cha chini. Mkisema tu "isizidi 15,000", kuna mjanja atakuja na peremende ndani ya boksi kubwa. Sisi ni kati ya 10,000 na 15,000. Kwa hela hiyo Kariakoo unapata spika ndogo, earphone, au zile kofia za mpira za kuvalisha analogi, vile vijiti vya kusukuma kwa dole gumba kwenye pedi ya kuchezea, ambazo huwa zinagombewa kuliko chochote. Vocha hapana; mtu akifungua bahasha hana hata cha kuwaonyesha wenzake.

Kuhusu gemu zenyewe, ligi ya mtoano siku hiyo iacheni. Wachezaji 16 ni mechi 15. Kipindi cha dakika sita, ukiongeza kuchagua timu na kubishana, kila mechi inakula robo saa. Kwa TV moja hapo mnatumia karibu masaa manne, na wale wanane waliotoka raundi ya kwanza wanabaki kuchezea simu. Chezeni wawili wawili, mkali apewe dhaifu kwa kura, na mshindi asikae zaidi ya mechi mbili. Nje wekeni drafti na karata kwa wanaosubiri. Na bingwa asipewe zawadi ya ziada, hiyo ina siku yake.

Chakula hakina siri: mchele kilo nne, kachumbari, kreti mbili za soda. Ila beseni na sabuni viwe mlangoni, mtu asiguse pedi na mafuta ya pilau mkononi. Luku, umeme wa kulipia kabla, ijazeni mapema. Umeme wa mtaa mzima ukikatika, hapo hapo anzeni kufungua zawadi wala msisubiri ratiba.

Niambie mna TV ngapi na pedi ngapi, nikupigie hesabu ya muda.