Ukinunua jagi la Long John Silver, anza na kitako

Uso ndio unaouza majagi haya ya kauri yaliyofinyangwa kama kichwa cha mtu, na uso ndio ninaouangalia mwisho. Royal Doulton, kampuni ya kauri ya Uingereza, walianza kuyatoa mwaka 1934 kiwandani kwao Burslem, Stoke-on-Trent, chini ya mkurugenzi wao wa sanaa, Charles Noke. Hayakuchelewa kuchukua wahusika wa vitabuni: wale wa mwandishi Charles Dickens, akina Sairey Gamp na Bwana Pickwick, walitangulia, kisha wakaja Falstaff, Don Quixote na Long John Silver, yule haramia wa Kisiwa Chenye Hazina. Hapa Uingereza utayakuta kwenye minada midogo na maduka ya mitumba, kwa hiyo huna sababu ya kukurupuka.

Ligeuze kwanza. Kitakoni tafuta simba aliyesimama juu ya taji, jina la mhusika, na namba inayoanza na D. Long John Silver mkubwa ni D6335, Sairey Gamp mkubwa ni D5451. Kila ukubwa una namba yake, hivyo muuzaji anayekuuzia dogo kwa bei ya kubwa utamkamata hapohapo. Ukiona mkwaruzo wa makusudi umepita juu ya alama ya kiwanda, hilo ni daraja la pili, yaani kiwanda chenyewe kiliona lina kasoro. Si dhambi kulinunua, ila lipa bei ya daraja la pili.

Sasa njoo kwenye mkono wa jagi. Hapa ndipo mchongaji alipomalizia hadithi: Silver ana kasuku, Sairey Gamp ana mwavuli wake. Ndipo linapovunjikia pia. Pitisha kidole kwenye maungio. Palipopakwa rangi upya huwa laini kupita kiasi, kama plastiki. Mimi hubeba kitochi cha kukagulia noti bandia, kwa sababu chini ya mwanga wake kiraka mara nyingi hung'aa tofauti na kauri yenyewe. Halafu gonga ukingo kwa kucha. Likijibu kwa mlio mfu, tafuta ufa.

Neno "la zamani" lisikupandishie bei. Sairey Gamp alitengenezwa kuanzia 1935 hadi miaka ya 1980, yuko kila mahali. Pesa kubwa huenda kwa yaliyoondolewa sokoni mapema, mfano jagi jeupe la Winston Churchill la 1940. Hilo kwangu halina mvuto. Nanunua wahusika niliowasoma.

Nyumbani lioshe kwa maji ya uvuguvugu na brashi laini, mashine ya vyombo marufuku, na ulibebe kwa kulishika tumboni, kamwe si kwa kasuku.