"Get back to me ASAP" kwenye barua ya kazi

Dada, umeuliza kama ni kosa kumwandikia meneja "get back to me ASAP", yaani "nijibu haraka iwezekanavyo". Kisarufi hujakosea. Shida ni kwamba "ASAP" inasikika kama amri, hasa ikitoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Andika "I would appreciate your reply by Friday". Ina heshima, tena inataja siku.

Tofauti hii ya heshima ipo pia kwenye maneno pacha ya Kiingereza, yaani mawili yenye maana moja, moja la kawaida na jingine rasmi, nayo yana historia. Mwaka 1066 Wanormani, watu wa Normandy huko Ufaransa, waliiteka Uingereza, na kwa muda mrefu wakubwa wakatumia Kifaransa na Kilatini huku wananchi wakibaki na Kiingereza chao. Ndiyo maana hadi leo "ask" ni la mazungumzo na "request" lina sura ya ofisi; vivyo hivyo "buy" na "purchase", "help" na "assist". Ni kama sisi na "nipe" dhidi ya "naomba unipatie".

Lakini usizidishe, tafadhali. Barua iliyojaa "commence" na "endeavour" inamchosha msomaji. "Start" na "try" zinatosha kabisa. Vya kuacha ni "gonna", "wanna" na "stuff", na "don't" iandike kwa urefu, "do not".

Kuna moja linaloniuma zaidi: "kindly revert". Maofisini kwetu watu huliandika wakimaanisha "tafadhali jibu". Msomaji wa Marekani au Uingereza anaweza kuelewa kwamba unamtaka arudie hali ya zamani. Andika "please reply", basi.