Wapenzi Wawili na Mgonjwa Mmoja

Wiki hii mmetuuliza: "Ni vitabu vya aina gani ambavyo wengine huvibeza lakini wewe huachani navyo?" Vyangu ni zile riwaya tamu za mapenzi ya hospitalini, za zamani, zenye nesi mwenye kofia nyeupe na daktari bingwa asiye na maneno mengi. Unaweza kufika nusu ya kitabu na kikubwa kilichotokea kati yao ni vidole kugusana wakati wa kupokezana faili.

Mimi ni muuguzi, mwaka wa 22 sasa. Wenzangu huniuliza napata wapi hamu ya kusoma habari za wodi nikitoka wodini. Swali lao nimelifikiria sana, nanyi mmenipa nafasi ya kulijibu.

Hadithi nyingi za mapenzi zina watu wawili wanaotazamana. Wakishatazamana vya kutosha, mwandishi inambidi alete wivu, fitina au barua iliyopotea, maana hawana jambo jingine la kufanya. Riwaya ya hospitali ina watu watatu, na wa tatu ni yule aliyelala kitandani. Macho ya wapenzi yote yako kwake. Hawajapata hata nafasi ya kuulizana habari za nyumbani, lakini kila mmoja anamwona mwenzake anavyomgeuza mzee bila kumuumiza, anavyomjibu mama mwenye hofu, anavyonawa mikono wakati hakuna anayemwangalia.

Chukua usiku kama huu, ambao umo katika vitabu hivyo kwa sura mia moja tofauti. Saa tisa za usiku, mtoto ana homa ya mapafu. Nesi ameketi, saa mkononi, anahesabu pumzi za mtoto kwa dakika. Daktari anaingia taratibu, anasimama upande wa pili wa kitanda. "Ngapi?" "Hamsini na mbili." Daktari anaandika hamsini na mbili. Hahesabu tena.

Kwa asiyeijua kazi yetu, hapo hapajatokea kitu. Kwangu mimi ndipo posa ilipopelekwa. Kuna madaktari ambao ukiwatajia namba wanashika mkono wa mgonjwa na kuanza upya, na wewe umesimama palepale kama nguzo. Ukipata anayelichukua neno lako kama lilivyo, hata kama hakuna mapenzi yoyote kati yenu, unaikumbuka siku hiyo.

Halafu watu husema vitabu hivi vina haya kupita kiasi, kwamba mlango wa chumba cha kulala haufunguliwi kamwe. Sioni kwamba ni haya. Nesi huyu tangu alfajiri ameogesha watu, amebadilisha mashuka, amefunga vidonda mahali ambapo hata mke hajawahi kupaona. Kwake mwili si siri. Mwandishi akimvua mtu nguo hajamfunulia nesi jambo jipya. Ambacho hakijaonekana ni moyo, na ndiyo maana daktari akiuliza, "Umekula tangu asubuhi?", ukurasa mzima unatetemeka.

Napenda zaidi za miaka ya 1950 na 1960, na sababu yenyewe ni ya kitabibu kabisa. Wakati ule mtu akipatwa na shtuko la moyo alilazwa wiki nne, hata sita. Aliyetolewa mtoto wa jicho alilala chali siku kadhaa, vifuko vya mchanga pande zote za kichwa asije akageuka. Leo huyo wa jicho anarudi nyumbani siku ileile, na mimi nashukuru. Lakini kwa mtunzi wa riwaya, mgonjwa wa wiki sita ni hazina: wodi nzima inajuana, wagonjwa wanaona kabla ya wahusika wenyewe, na mapenzi yanapata muda wa kuiva sawasawa na kidonda kinavyofunga.

Tena wengi wa watunzi walikuwa wa kazi hiyohiyo. Lucilla Andrews alisomea uuguzi katika Hospitali ya St Thomas', London, wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, na kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1954. Betty Neels alikuwa nesi hadi alipostaafu. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1969, na hadi anafariki mwaka 2001 alikuwa ameandika zaidi ya 130. Unawajua kwa vitu vidogo: miguu ya mwisho wa zamu, ripoti ya asubuhi inayosomwa na mtu aliyekesha, hofu ya kusikia viatu vya metroni, mkuu wa manesi, kwenye korido. Wala riwaya hizi hazikuwa za pembeni katika biashara ya vitabu. Mwaka 1957, kampuni ya Harlequin ya Kanada ilipoanza kuchapa upya vitabu vya Mills & Boon ya Uingereza, cha kwanza kabisa kilikuwa cha hospitali.

Kinachonikera nakisema pia. Madaktari wa humo karibu wote ni wanaume, manesi karibu wote wanawake, na mwanamume akiwa mkali bila sababu tunatakiwa tuuite ukali huo uchovu. Nimefanya kazi na watu waliochoka vibaya na bado wakasema "tafadhali".

Ila kinachoniuma kuliko hicho ni harusi. Kabla ya Vita ya Pili ya Dunia, hospitali nyingi za Uingereza zilimtaka nesi aache kazi akiolewa, na hata sheria hizo zilipolegea, riwaya ziliendelea kumvua kofia ukurasa wa mwisho. Amependwa kwa mikono yake, kisha mikono hiyo inaondolewa kazini. Nikifika hapo nafurahi na kusononeka kwa pamoja, nikiwaza zamu ya kesho ataichukua nani.

Kwa hiyo nikimaliza kitabu huwa narudi nyuma, kwenye ule usiku wa mtoto. Nawaacha pale, mmoja huku na mmoja kule wa kitanda. Kunakaribia kucha, na hesabu imeshuka hadi thelathini na nane.